Ukiitwa Joy Usigeuke

Kambi Mawe, Eldoret
18 Januari

Dada Jerop,

Naomba mkono uliofungua kava ya daftari hili uwe ni wako. Nimeficha barua ndani ya karatasi ya kaki kwa sababu simu ya nyumba hii ni ya mume wangu Wakoli na anashinda nayo ghalani akibeba magunia, na yako uliniambia mumeo Mwalimu akija kutoka kazini Timboroa mwisho wa mwezi anaisoma yote mpaka meseji za matangazo. Basi posta yetu ni Joy.

Dada, ameingia shule. Hata sasa siamini. Ulipomshika mkono mkavuka daraja, mimi nilibaki huku nikijifanya nafua nguo kwenye kijito, na sikuwa na nguo hata moja. Mwaka jana nilisimama mbele ya karani huyo huyo na daftari za Joy za chekechea, zote zimewekwa tiki. Akauliza jina. Nikasema Joy Wakoli. Hakuinua hata kichwa. Akasema nafasi zimejaa, mama, jaribu shule ya upande wenu. Na kupitia dirishani nilikuwa naona madawati hayana mtu. Jana umeingia na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wako aliyetutoka, jina Faith Jepchirchir, na Joy amepewa dawati lake peke yake.

Hakuna mahali imeandikwa, ndiyo sababu huwezi kulalamika. Nyumba pia ni hivyo. Nikiona kibao cha nyumba ya kupangisha huko kwenu napiga simu, tunaelewana vizuri, halafu mwenye ploti anauliza, kwani unaitwa nani? Nikisema Nasambu, nyumba imeshachukuliwa. Hata huku Kambi Mawe mtu wa kwenu hawezi kupewa chumba siku hizi, wanamwogopa. Kijito chenyewe mtoto anaruka, lakini watu hawavuki.

Likizo yote nilimfundisha kama mafundisho ya komunyo. Akicheza naita, Joy! Akigeuka namwambia umekosa. Ng'ambo unaitwa Jepchirchir. Ukiitwa Joy usigeuke, hata kama sauti ni ya mama. Mara ya kwanza alilia. Sasa naweza kuita mpaka koo likauke na yeye anaendelea kuruka kamba. Mideva wa mlango wa pili alicheka akasema, huyu mtoto umemziba masikio.

Pia nimemwambia akiogopa ashike pindo la sketi kwa vidole viwili, ajue na mimi huku nimeshika la leso yangu vivyo hivyo.

Nimekuwekea kwenye begi kitabu chake cha kliniki na ile karatasi ya hospitali. Cheti chake hatujawahi kuchukua, unajua safari za ofisi. Paa letu linavuja na wewe una kabati. Niwekee tu.

Kile kitanda kimoja tulicholala kwenye wodi ya akina mama, wewe ukiangalia ukuta na mimi mlango, watoto wawili katikati, ndicho kimenifikisha hapa. Sina cha kukulipa.

Wako,
Nasambu, Mama Joy


Kapsirwa
20 Januari

Mama Joy,

Mkono ulikuwa wangu.

Usizungumze mambo ya kulipa. Saa ya chakula anakuja hapa, ni hatua chache kutoka getini. Amekula ugali na mboga na akanywa maziwa vikombe viwili, halafu akauliza kama mtoto wa kwenye picha ya ukutani ni yeye. Nikamwambia ni mwingine.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Kwa familia ya Mwalimu, mtoto akienda akiwa mdogo hatajwi tena kwa jina. Wetu alituacha akiwa na miezi saba, ile baridi ya Julai, na tangu siku hiyo sijalitamka jina lake, hata kwa Mwalimu. Cheti kilikuwa ndani ya Biblia. Siku ile karani aliuliza, mtoto anaitwa nani, nikasema. Na mtoto akaitika. Sijui nikuelezeje. Nilirudi nyumbani nikakaa chini jikoni mpaka ng'ombe wakaanza kulia.

Mwalimu hajui. Akija mwisho wa mwezi, Joy ale chakula chake shuleni.

Jerop


Kambi Mawe
26 Februari

Dada Jerop,

Uko aje na ng'ombe wako? Mimi niko mzima, mandazi yananunuliwa.

Joy anasoma! Juzi tulipita barabarani akasoma kibao cha kinyozi, cha dawa ya ng'ombe, na cha kanisa, bila kukwama. Watoto wa Mideva ni wakubwa kumliko na bado wanabahatisha. Si makosa yao. Darasa lao ni watoto mia na kumi na mwalimu mmoja, wa nyuma hata ubao hawauoni. Huwa nasikia uchungu nikiwaona. Halafu namwona wangu na sweta yake ya kijani, na uchungu unapoa, Mungu anisamehe. Ananiambia atakuwa nesi. Namwambia nesi wa wodi ya akina mama, ununue vitanda vingi.

Watu wameanza kuniita Mama Ng'ambo. Mideva jana aliniambia mbele ya wateja, Mama Ng'ambo, kura ikikaribia si utatuambia watakuja siku gani? Wakacheka, mimi pia nikacheka. Lakini nilipoinama kugeuza mandazi niliinuka nikakuta hakuna anayecheka tena.

Habari nzuri ni kwamba huenda tukapata maji. Vijana wawili walipita wakiandika milango kwa chaki, wengine herufi hii, wengine ile. Walisema ni ya mifereji. Wakoli alirudi akaifuta yetu kwa mkono wa shati, nikamgombeza, nikamwambia sasa watatuacha.

Siku ukipata nafasi nirudishie kitabu cha kliniki, kuna sindano wanatoa mwezi ujao.

Nasambu, Mama Joy


Kapsirwa
5 Machi

Mama Joy,

Chaki hiyo si ya maji. Mwambie Wakoli amefanya vizuri. Huku pia wameandika, na mwenye kuandika ni kijana ninayemjua tangu akiwa na kamasi. Nilipomuuliza alisema, Mama, ni kuhesabu watu wetu tu.

Mimi nilizaliwa huko Kambi Mawe, sidhani nimewahi kukuambia. Baba yangu alikuwa na duka karibu na hapo mnapouza mandazi. Ile vita ya kura ilipokuja nilikuwa na miaka kumi na tatu. Tulitoka na godoro na redio. Siku hizo pia tulisikia watu wanahesabu.

Kwa hiyo siku za mvua, au siku ukisikia kelele, usimngoje darajani. Nitamlaza kwangu. Kitanda kipo.

Jerop


Kapsirwa
27 Machi

Mama Joy,

Kaa chini kabla hujasoma. Mwalimu amejua.

Kwenye mkutano wa walimu, mwalimu wa darasa la Joy alimpa mkono mbele ya watu akamwambia, hongera, Jepchirchir wako anasoma kuliko wote. Mwalimu alipanda gari akaja siku ya Alhamisi, siku ambayo haji. Nilimwona tu amesimama mlangoni na koti na begi lake, na mtoto yuko mezani anakula.

Akamuuliza, "Unaitwa nani?"

Na yeye, kama ulivyomfundisha, akajibu bila kutikisika: "Faith Jepchirchir."

Mwalimu aliweka begi chini. Akatoka akaenda kwenye zizi, akakaa huko mpaka nikamaliza kukamua. Nilijua leo ananipiga au anaenda kwa mwalimu mkuu. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu. Akaniambia, "Mtoto huyu soksi zake zimelowa. Mpe kavu."

Ni hayo tu alisema jioni yote. Jumamosi amemnunulia viatu.

Jerop


Kambi Mawe
29 Machi

Dada Jerop,

Nimesoma barua yako nimesimama, nimeketi, nimesimama tena. Nilidhani tumeisha. Mwambie Mwalimu Mungu ampe maisha marefu. Viatu vinamtosha na nafasi ya kidole, atavivaa mwaka mzima. Nimemwambia Wakoli kwamba watu wazuri bado wako, akaendelea kula, unajua Wakoli kuongea ni kazi.

Sasa kwa vile Mwalimu ameshajua, hatuna tena wa kumficha, nimelala usingizi mzuri mara ya kwanza tangu Januari.

Joy amerudi na nywele zimesukwa vizuri sana, ni wewe? Aliingia ndani akanisalimia kwa lugha yenu, "chamgei." Nilicheka mpaka nikashika mlango. Mideva alikuwa nje, yeye hakucheka.

Joy anasema mnaomba awatembelee Timboroa kwa Mwalimu wiki moja ya likizo aone msitu. Ni sawa, ajue mahali. Mfunike vizuri, huko baridi ni ya kuuma.

Kitabu cha kliniki usisahau, dada.

Nasambu, Mama Joy


Kambi Mawe
11 Mei

Dada Jerop,

Barua hii naipa Mzee Nicanor wa maziwa, kwa sababu posta yetu iko kwako. Amekubali kuiweka chini ya mkebe.

Wiki moja ilikuwa wiki tatu. Sikuandika kwa sababu nilijiambia labda mvua imefunga barabara. Halafu shule ikafunguliwa, nikaenda darajani asubuhi nimwone hata kwa mbali, nikakuta daraja halina mbao. Chuma mbili tu, na maji yamejaa chini. Watu wetu wanasema wameng'oa watu wenu. Najua huko mnasema ni sisi. Sikumkuta mtu hata mmoja aliyeona.

Kupita kwa lami ni kuzunguka, na pale kwenye kona kuna vijana wamekaa kwenye mawe wanauliza kila mtu jina. Mtoto wa miaka sita utamwambia aseme jina gani hapo? Kwenda aseme moja na kurudi aseme lingine?

Kwa hiyo naona akae kwako Jumatatu mpaka Ijumaa, kama ulivyomtuma Mzee Nicanor aniambie, na Jumamosi amlete kwenye baiskeli yake. Nakubali kwa sababu ya masomo. Ni kwa sababu ya masomo tu, dada.

Leso nimeishika mpaka pindo linaanza kufumuka.

Nasambu, Mama Joy


Kapsirwa
16 Mei

Mpendwa Nasambu,

Yuko salama, ana afya, ameongezeka. Usiwe na wasiwasi. Mwalimu sasa anakuja kila Ijumaa. Amemtengenezea meza ndogo ya kuandikia kwa mbao alizopata.

Ijumaa hii mama mkwe anakuja kumwona, kwa hiyo Jumamosi hatakuja huko. Jumamosi nyingine.

Jerop


Kambi Mawe
31 Mei

Dada Jerop,

Umeniita Nasambu. Si vibaya, ni jina langu. Lakini miaka sita umeniita Mama Joy.

Jumamosi alikuja. Nilimpikia kuku, wa kwetu, si wa kununua. Alipokuwa uani anachora chini na kijiti nilimwita, Joy, kuja ule. Nikaita mara tatu. Hakugeuka. Nikamwendea nikachuchumaa, nikamwambia, hapa ni nyumbani, mama, hapa ukiitwa Joy unageuka. Ni ng'ambo ndiyo usigeuke. Akanitazama, akauliza:

"Ng'ambo ni wapi?"

Nikamwonyesha upande wenu kwa kidole. Akatikisa kichwa. Akasema Babu Nicanor alimwambia wanavuka wanaenda ng'ambo, na wamevuka wamekuja hapa.

Dada, mimi si mtu wa maneno makali. Nakushukuru kwa yote. Lakini sasa nataka mtoto wangu. Wakoli ameamua turudi kwao Chwele mpaka kura ipite. Kaka yake ana lori, linakuja tarehe kumi Juni, na nusu ya ploti hii wameshahama, hata Mideva amefunga godoro. Joy ataingia shule ya huko, hata kama ni ya watoto mia mbili chini ya mti.

Mlete Jumamosi na nguo zake zote. Na unipe kitabu cha kliniki na karatasi ya hospitali. Hii ni mara ya tatu naomba. Nilienda ofisi nikaulizia cheti chake, wakasema bila hiyo karatasi hawawezi kujua kama nilizaa.

Nasambu, Mama Joy


Kapsirwa
2 Juni

Nasambu,

Nimeandika barua hii mara tatu nikachana.

Unataka kumpeleka wapi? Unasema mwenyewe, watoto mia mbili. Kwenye lori, barabara zikiwa hivi, kona kwa kona mkiulizwa majina. Hapa amelala na blanketi mbili. Hapa hakuna atakayemuuliza kitu mpaka azeeke. Wewe ndiye ulitaka hivyo. Ulitaka asome kama watoto wa huku na akae kama watoto wa huku, na amekuwa mtoto wa huku. Mimi nilifanya uliloniomba.

Mwalimu anasema kwenye mtandao wa serikali ameshaingizwa, wazazi ni sisi, na kubadilisha ni kusema sote tulidanganya. Karani atafungwa, mimi pia, wewe pia. Mtoto atabaki na nani?

Mama mkwe alipomwona alimpaka mafuta kichwani. Alisema mtoto wetu amerudi. Nikwambie nini wewe ili unielewe? Wako ataishi. Si hiyo ndiyo mama anataka?

Nendeni Chwele salama. Kura ikiisha tutaongea kama watu wazima.

Ameandika mwenyewe hapa chini, sikumshika mkono.

Jerop

*Kwa Mama Nasambu. Mimi niko sawa. Ng'ombe amezaa. Ninasoma kitabu cha sungura. Usije kwa sababu kuna watu wabaya darajani. Faith Jepchirchir.*


Kambi Mawe
9 Juni

Jerop,

Mzee Nicanor amesema leo ni mara ya mwisho, maziwa hayavuki tena. Barua hii nimempa kwa mkono na nimemsomea kwanza, ili ikipotea akuambie kwa mdomo.

Jana nilikuja kwenu. Nilizunguka kwa lami. Pale kona waliniuliza jina, nikawaambia Nasambu, mama wa mtoto wa gredi ya kwanza. Mmoja akaniambia, "Mama, huko hakuna watoto wenu." Nikamwambia yuko mmoja. Sijui kwa nini waliniachilia. Labda kwa sababu nilikuwa na mandazi kwenye ndoo, waliyachukua yote.

Nilifika getini wakati wa mapumziko. Soja anayelinda ni mzee, alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Nikamwambia mtoto wangu ni yule wa viatu vipya, nywele za mistari. Akaangalia, akacheka kidogo kwa huruma. "Huyo ni wa Mwalimu Kipchumba, mama. Karatasi yake iko ofisini. Yako iko wapi?"

Sikuwa nayo. Unajua iko wapi.

Basi nikashika vyuma vya geti nikaita, Joy. Watoto wote wakageuka, Jerop. Walikuwa wengi kama sitini, waliacha kuruka, wakaacha mpira, wakanitazama. Ni mmoja tu ambaye hakugeuka. Nikaita tena. Nikaita mpaka mwalimu akatoka nje akamwambia soja aniondoe. Joy alikuwa amesimama amenipa kisogo, shingo imenyooka, kama vile nilivyomfundisha.

Soja alinishika mkono. Wakati ananivuta ndipo nikaona mkono wa kushoto wa Joy. Uliteremka taratibu ubavuni, hakuna aliyeona isipokuwa mimi, ukashika pindo la sketi. Vidole viwili.

Lori linaondoka kesho alfajiri na vitanda na sufuria na Wakoli. Nimeshamwambia atangulie. Mideva ameniita mwendawazimu, halafu akaniachia mkeka wake na jiko la makaa. Ploti nzima nitabaki mimi na mlango wenye alama ya chaki waliyoirudia, na hakuna tena wa kuifuta.

Kesho mapumziko nitakuwa getini. Wakinifunga kwa cheti nitasema ukweli wote kwa yeyote atakayeuliza, cheti cha mtoto wako, karatasi ya wangu, kitanda cha wodi. Nafasi ya shule wachukue. Na kama hawatanifunga, kesho kutwa nitakuwa getini tena.

Sitaita jina lolote. Nitasimama tu na leso yangu, aione.

Mama Joy